Mkate wa Kubana Ulivyokuja Kuitwa Dobi

Kibao kilikuwa kimelazwa uani juu ya viti viwili, kimepakwa rangi nyeupe, na rangi ilikuwa bado mbichi. Fundi wa mabango alikuwa amekwenda zake kunywa chai, akaacha amri moja tu: asikiguse mtu mpaka kikauke. Jua likipinda angerudi kuandika jina.

Na jina hilo ndilo lililomfanya Mama Tulia asikalike. Aliingia jikoni akatoka. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Alianua nguo zikiwa bado zinadondosha maji, akaziangalia, akazianika tena kwenye kamba ile ile. Kila alipopita karibu na kibao aliinama akakinusa, kama mtu anayenusa maziwa ajue kama yamechacha. Nzi alitua juu ya rangi akanasa. Mama Tulia akamtoa kwa ncha ya ufagio, ncha ikaacha mstari.

"Mama, fundi kasema tusikiguse," mkwe wake, mke wa mwanawe, alimwambia kutoka mlangoni.

"Nimekigusa mimi? Ufagio ndio uliogusa."

Hilo la Mama Tulia si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wateja, enzi za foleni ya mkate wake, kwa sababu kila aliyesukumana aliambiwa "Tulia!" na mtu ambaye mwenyewe hakupata kutulia tangu azaliwe. Mama yake mzazi alikuwa akisema mtoto huyu alitembea kabla ya kujua kukaa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mkwe wake alikuwa amepata kibanda katika soko jipya, naye angeuza humo mkate aliofundishwa na Mama Tulia: mkate wa ngano uliokunjwa juu ya viazi vilivyopondwa na kitunguu na pilipili, ukabanwa kwenye chuma cha moto mpaka ukawa mwembamba, mkavu nje, laini ndani. Mji mzima unaujua. Mji mzima unauita dobi. Watoto wa shule, manesi, makuli, hata mahakimu na majoho yao, wote wakishikwa na njaa husema, "Nipe dobi." Wengi hawajiulizi kwa nini chakula kiitwe kwa kazi ya mtu anayefua nguo. Mama Tulia hakuwa na haja ya kujiuliza, maana mkate huo ulianzia mikononi mwake. Ila katika maisha yake yote hakuwahi kuutaja kwa jina hilo. Kwake yeye ulikuwa mkate wa kubana, basi.

Asubuhi ile walikuwa wamebishana mbele ya fundi.

"Mimi nitaandika utakalosema wewe, Mama," mkwe alisema. "Mkate ni wako, mimi umenifundisha tu. Ukisema mkate wa kubana, itaandikwa hivyo. Ila watu watapita."

"Watapita waende wapi?"

"Kibanda cha pili. Kilichoandikwa dobi."

Mume wa Mama Tulia alikuwa ameketi ukutani na kikombe chake cha chai, amevaa shati lililonyooshwa mpaka mkunjo wa mkono ungeweza kukukata kidole. Huyu ndiye aliyekuwa dobi mwenyewe, na mtaa mzima unamwita hivyo mpaka leo. Vijana wakikutana naye njiani walimwambia, "Shikamoo Dobi, asante kwa mkate!" Naye aliitikia, "Marahaba, kuleni mshibe," kama kwamba aliwahi kukanda hata donge moja la unga.

"Kiandikwe Dobi," alisema mzee. "Na pembeni anichore uso. Uso wa ujanani, nikiwa na nywele."

"Akuchore unapiga soga," Mama Tulia alimjibu. "Ndivyo ulivyokuwa siku mkate ulipopatikana."

"Sikuwa napiga soga. Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unafikiri kwa sauti, tena habari za mpira."

Fundi wa mabango alikuna kichwa kwa mpini wa brashi. "Wazee wangu, mimi naandika ninachoambiwa, ila kuambiwa kuwe kumoja. Acha nipake nyeupe kwanza. Nikirudi nikute neno."

Ndiyo maana Mama Tulia alizunguka ua mzima na ufagio. Mtu akisema dobi barabarani, upepo unalipeperusha neno lake, limekwisha. Kibao hakipeperushwi. Kikiandikwa Dobi, tena na mkwe wake, tena kwa ruhusa yake mwenyewe, basi mkate umekwenda kwa mumewe moja kwa moja, na yeye atabaki kuwa mke wa mwenye mkate. Na kikiandikwa mkate wa kubana, mkwe atakaa kibandani anafukuza nzi. Mkwe alikuwa mtoto mzuri, hana kelele, na kibanda hicho alikuwa amekihangaikia kwa jasho. Kumkatalia kulimuuma Mama Tulia, na kumkubalia kulimuuma pia. Akachukua ufagio tena.

Hebu turudi nyuma kidogo.

Wakati ule Mama Tulia na mumewe walikuwa wamepanga chumba cha mbele kilichotazama lango la kiwanda cha nguo. Mume alipiga pasi dirishani, kila apitaye akimwona. Mke alikuwa uani, kwenye mabeseni: kuloweka, kufikicha, kusuuza, kutia buluu, kupika wanga, kukamua, kuanika. Shati likifika dirishani lilikuwa limekwisha kupata taabu zake zote. Mume alilinyoosha, akalikunja, akapokea sifa. Na mdomo wake haukukaa. Nani kaoa, nani kaachwa, timu gani imefungwa, yote yalipitia dirisha lile.

Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, nzito kama kichwa cha mlevi. Na ulikuwepo utaratibu ambao kila dobi wa wakati ule aliufuata: pasi haiwekwi mezani. Ikiachwa juu ya kitambaa kwa muda wa kupiga chafya tu, umeunguza suruali ya mtu na umepoteza mteja. Kwa hiyo mwisho wa meza palifunikwa sahani ya bati, na pasi ilipumzikia hapo. Mkono wa mume ulilijua lile bati kuliko ulivyojua njia ya mdomoni. Aliiweka pasi bila kutazama, huku maneno yanaendelea.

Siku moja ya mvua nguo ziligoma kukauka. Chumba kilijaa kamba na mashati yanayotoa mvuke, na mtu alipita ameinama kama mwizi. Mama Tulia hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri. Alikuwa amejitengenezea mkate, akaukunja na viazi vyake, akautia kwenye trei ya bati na kuufunika kwa sahani ili usipoe. Meza nzima ilikuwa imejaa. Akaisogeza ile sahani ya pasi, akaweka chakula chake pale mwisho, akakimbilia uani kuokoa mashuka yaliyokuwa yanaburuzwa na upepo.

Unajua kilichotokea. Mkono wa mume ulikwenda ulikozoea. Pasi imejaa makaa mekundu ikatua juu ya sahani, na chini ya sahani kulikuwa na mkate. Mume akaegemea dirisha akaendelea na habari za golikipa.

Mama Tulia aliporudi alisikia harufu. Akainua pasi, akainua sahani. Mkate ulikuwa umelala bapa, umeiva rangi ya ngozi ya viatu, viazi vimechungulia pembeni na kukauka kama pindo la kitambaa.

"Umepiga pasi chakula changu!" Sauti yake ilivuka barabara. "Nguo hazikutoshi?"

"Nani kakwambia uweke chakula kwenye nafasi ya pasi?" mume naye akapandisha. "Mimi ninaweka pasi panapowekwa pasi."

Dirishani alikuwa amesimama mwanamke mmoja mfumaji, ametoka zamu, anangoja sare yake. Wenzake walimwita Mama Nyuzi kwa sababu nywele zake hazikukosa nyuzi. Njaa ilikuwa imemkaba. "Jamani," akasema, "kama hamli, nileteeni mimi."

Akala amesimama, mvua ikimdondokea begani. Alipomaliza akalamba vidole, akatazama kama vimebaki vingine vya kulamba. "Kesho nataka mwingine," akasema. "Na muubane vilevile."

Kesho yake alikuja na mwenzake. Keshokutwa wakaja na genge. Mara dirisha lile likawa na foleni ya nguo na foleni ya mkate, na ya mkate ndiyo iliyokuwa ndefu. Mama Tulia akachukua pasi kuukuu, akaisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa, akaiweka ya mkate peke yake. Wapo waliotania. "Mama, huu mkate hauna sabuni?" aliuliza msukuma mkokoteni mmoja. "Ungekuwa unaoga," alimjibu, "ungeijua sabuni harufu yake." Watu wakavunjika mbavu, na msukuma mkokoteni akala mkate.

Mume mwanzoni alinuna. Pasi ni ya nguo, alisema, na huko ni kudharau kazi. Foleni ilipofika kwenye kona ya barabara, akaanza kusimulia kwamba aliona tangu zamani kuwa mkate ungefaa kubanwa. Miaka ikaenda na chumvi ikaongezeka. Baadaye alikuwa ameujaribu kwa siri. Siku hizi alikuwa ameuota.

Jina la mkate Mama Tulia aliliweka mapema. Alikuwa amemaliza shule ya msingi, na mwandiko wake mwalimu aliwahi kuuonyesha darasa zima. Akachukua chaki akaandika kwenye ubao wa dirisha: MKATE WA KUBANA. Herufi zilisimama kama askari. Alijivunia.

Jioni moja, akiwa uani, aliwasikia wafumaji wakipita nje ya ukuta. "Twendeni tukale dobi," mmoja alisema, na wote wakacheka.

Yeye ndiye anayeamka kukanda. Yeye ndiye anayemenya viazi, anayelia na vitunguu, anayeungua vidole. Halafu chakula kiitwe kwa yule anayepiga soga dirishani? Kesho yake alisimama mbele ya foleni mikono kiunoni akatangaza: atakayelitaja neno lile hapa hali.

Na kweli, aliyelitaja hakula. Alikuja msimamizi wa zamu, bwana mkubwa na kalamu mfukoni. "Nipe dobi mbili." Mama Tulia akamtazama. "Dobi yuko mmoja tu, na haliwi. Anayefuata!" Msimamizi alirudi kazini na njaa yake. Mwingine alikuja amesahau jina halisi, akawa anatafuta maneno kama mtu anayevuka tope na viatu vipya: "Mama, nipe kile... chenye viazi... kile cha moto..." Akaachwa atafute mpaka king'ora kikalia.

Watu wakajifunza. Dirishani ilikuwa "mkate wa kubana, Mama, tafadhali," sauti zimetiwa asali. Wakikata kona tu: dobi, dobi, dobi. Aliwasikia juu ya ukuta, akagonga masufuria kwa makusudi asisikie zaidi. Wengine wakajifunza kuupika, wakaupeleka mitaa mingine ambako hakukuwa na chaki yake wala macho yake. Kiwanda kikaja kikafungwa. Mashine za kufulia zikaingia mjini, kazi ya dobi ikadoda. Neno likabaki, likaenea mji mzima.

Sasa basi, pale uani, akikizunguka kibao, Mama Tulia alimkumbuka mtu mmoja. Mama Nyuzi. Katika miaka yote ile, yule mteja wa kwanza hakuwahi kukosea hata mara moja mbele yake. Daima mkate wa kubana. Kama angekuja akasema kwa kinywa chake kwamba mkate ulikuwa na jina kabla ya jina, mkwe angeelewa kwamba huu si ukaidi wa kizee. Na mzee angefunga mdomo, walau mpaka chakula cha jioni.

Alivua aproni, akajitanda mtandio.

"Unakwenda wapi na jua hili?" mumewe aliuliza.

"Kutafuta mtu mwenye akili."

"Ukimpata mlete na mimi nimwone."

Alikwenda haraka, kiguu na njia, akipita kivulini, akihama upande kila kivuli kilipokatika. Kwenye kona palikuwa na kijana anabana mikate kwenye bamba la chuma, anapiga kelele, "Dobi ya moto! Dobi!" Mama Tulia alimpita. Akasimama. Akarudi.

"Eti mwanangu, kwa nini inaitwa hivyo?"

"Aa, bibi, hiyo historia yake kubwa." Kijana alifurahi kuulizwa. "Zamani kulikuwa na dobi mmoja. Mke wake sasa! Mlafi, hakuna mfano. Jamaa akiweka chakula, kageuka, mke kakomba. Ndipo akaona akifiche chini ya pasi, maana mke alikuwa anaogopa pasi."

"Mlafi?"

"Mlafi bibi, anakula mpaka ukoko. Babu yangu alimwona kwa macho yake. Mnene, mlangoni anapita kiubavu."

Mama Tulia, ambaye tangu usichana alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, aliuvuta mtandio akajitazama, kisha akamtazama kijana.

"Babu yako alikuwa anaona vizuri?"

"Macho yalikuwa yanamsumbua kidogo."

"Nilijua." Akaondoka hatua chache, akageuka. "Na umekunja vibaya. Viazi vinatokea nyuma."

Jina halikumpelekea mumewe mkate tu. Sasa na yeye amepachikwa ndani ya hadithi, mlafi, mnene, anapita kiubavu. Kibao kikiandikwa Dobi, kila atakayekisoma atamwona mwanamke huyo. Aliongeza mwendo.

Mama Nyuzi alikuwa anaishi chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi cherehani. Mama Tulia alibisha mlango kwa kiganja.

"Hodi!"

"Nani huyo anabisha kama anakuja kututolea vyombo nje?"

"Mimi."

"Mimi hata paka ni mimi."

"Mama Tulia."

Ndani kikatoka kicheko cha furaha. "Wee! Ingia, Dobi! Ingia mama yangu!"

Mama Tulia alikuwa anavua kiatu. Akabaki hivyo, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Umeniitaje?"

Mama Nyuzi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mafundo ya uzi yametapakaa mapajani; mikono ilikuwa imezoea nyuzi hata haikuweza kukaa bure. Alijifunika mdomo kwa kiganja. Macho yalikuwa yanacheka juu ya kiganja.

"Limeniponyoka. Uzee huu, ndugu yangu, hauna breki."

"Dobi ni mume wangu."

"Mumeo?" Mama Nyuzi alishusha mkono. "Yule wa dirishani?"

"Nina mwingine?"

Hapo Mama Nyuzi alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akapigwa mgongo. "Yule," alisema alipopata pumzi, "sisi tulikuwa tunamwita Redio."

"Redio!"

"Asubuhi tukiingia zamu anasema. Tukitoka anasema. Hana mahali pa kumzimia. Nani angemwita yule dobi?"

"Watu wote. Mpaka leo."

"Watu wa leo, wanajua nini? Sisi tulikuwa wafumaji, mwenzangu. Kitambaa tulikitengeneza, tulijua nani anakihangaikia. Tulikuwa tunakata njia nyuma ya ua wenu, pale ukuta ulipobomoka. Tunakuona umeinama kwenye mabeseni, mikono ina buluu mpaka kwenye viwiko, mgongo hauinuki. Tukasema, dobi ni huyu. Yule ni redio ya dobi. Ikawa 'twendeni kwa Dobi tukale.' Na wewe unajua watu wa zamu, hawana muda wa maneno marefu. Tukaishia 'tukale dobi.' Ni wewe huyo. Tulikuwa tunasema wewe."

Mama Tulia hakukaa. Alikwenda mpaka dirishani, akarudi mlangoni, akaenda tena dirishani; chumba kilikuwa kidogo, kilimtosha hatua chache tu. Alikuwa anajiona pale uani enzi zile, anagonga masufuria ili asisikie, na ng'ambo ya ukuta watu wanamtaja yeye.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie vipi? Neno lenyewe tukilitamka tunalala njaa! Siku moja nilijipiga moyo konde. Nikaja peke yangu nikueleze. Nikasema 'Lile neno—' tu, ukanifungia dirisha. Nilikuwa sijatoa hata vidole dirishani."

"Nilidhani wewe ndiye uliyekuwa upande wangu. Hujawahi kukosea jina."

"Sikukosea," Mama Nyuzi alisema. "Nilikuwa napenda kula."

Miaka yote ile, basi, alikuwa anapigana na jina lake mwenyewe. Mama Tulia hakujua acheke au amrushie mtu kitu. Furaha ilikuwemo, lakini pembeni yake palikaa kitu kichungu. Angekuwa mtu wa kumwacha mwenzake amalize neno, angelijua hili akiwa bado na meno yote. Kisha akakumbuka kibao. Rangi ingekuwa imekauka! Mzee alikuwa peke yake na fundi!

"Inuka," alisema. "Twende ukayaseme haya nyumbani."

"Mguu wangu huu—"

"Nitakushika."

Akamshika, lakini kumshika kwenyewe kulikuwa kazi. Mama Tulia alitangulia, akakumbuka, akarudi, akamshika tena mkono, akatangulia tena. "Unakwenda njia hii mara tatu," Mama Nyuzi alimwambia akihema, "mimi naenda moja, na tutafika pamoja."

Walipoingia uani fundi wa mabango alikuwa amekwisha kuchora mistari ya penseli, rangi nyekundu imekorogwa, na mzee amesimama ubavuni mwake anamwonyesha kidole. "Uso uwe hapa. Hapa juu, watu wasiuguse."

"Hujambo, Redio?" Mama Nyuzi alisema.

Mzee aligeuka. "Redio nani?"

Basi likasimuliwa pale pale, tena Mama Nyuzi hakuficha kitu: mabeseni, buluu, ukuta uliobomoka, redio isiyozimwa. Mkwe aliuma ncha ya mtandio wake asicheke mbele ya baba mkwe, mabega yakamsaliti. Fundi aliinamia kopo la rangi akakoroga kitu kilichokuwa kimekwisha kukorogwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni.

"Yaani," alisema hatimaye, "wote wale wanaonishukuru njiani..."

"Wamekosea mtu," alisema Mama Nyuzi.

Mzee alikunja uso. Akatazama kibao, akatazama mistari ya penseli pale uso wake ulipokuwa ukae. Kisha akanyoosha mgongo.

"Fundi, futa. Andika mkate wa kubana."

"Mkate gani?" Mama Tulia alishtuka.

"Wa kubana. Si ndilo jina lake? Si umeligombania maisha yako yote? Mimi nakubali, umeshinda. Tena jina zuri, linaeleza. Mtu akisoma anajua umebanwa. Dobi! Dobi ni jina gani la chakula? Watu watadhani kuna sabuni."

"Asubuhi ulitaka dobi na nywele zake."

"Asubuhi sikuwa nimefikiri."

"Baba," mkwe alisema taratibu, "nilisema neno ni la Mama."

Wote wakamgeukia. Fundi alikuwa ameinua brashi, rangi inaanza kujikusanya kwenye ncha. "Wazee wangu," alisema, "nipeni neno."

Mama Tulia alifungua kinywa. Neno halikuwahi kupita hapo kwa maana hiyo, nalo lilikuja kwa shida, kama mgeni asiyejua mlango uko wapi. Alimtazama mumewe. Alikuwa amesimama na shati lake lililonyooka, mikono haijui ishike nini. Mama Tulia alimwonea huruma, kidogo tu. Halafu alimwona mkwe wake, vidole vimefungana, anangoja.

"Dobi," alisema.

"Sema tena, mama? Sikusikia," fundi alisema.

"Dobi!" Majirani wa upande wa pili wa ukuta waliacha kuongea. "Mkate unaitwa dobi, na dobi ni mimi. Andika, tena herufi kubwa. Uso usichore wa mtu yeyote."

Brashi ikagusa ubao. Mkwe akaachia pumzi na kicheko kwa pamoja, akakimbia kumtafutia Mama Nyuzi kiti. Mzee alikwenda kukaa ukutani, akageuzia kibao mgongo. Akakaa hivyo. Akageuza shingo. Baadaye akahamisha kiti, akakisogeza, akakisogeza tena, mpaka akawa nyuma ya bega la fundi, karibu na mkewe, ambaye alikuwa amesimama hapo akipumulia kisogo cha fundi wa watu.

"Hiyo herufi ya kwanza imeinama," mzee alisema.

Mama Tulia alifumba jicho moja, akapima. Kweli ilikuwa imeinama.

"Futa," alimwambia fundi. "Anza upya."